Vipepeo wa stempu za Tanzania: Jinsi ya kuwatambua, na yule wa Meru asiyekuwamo

KWA takribani miaka saba, kuanzia Desemba 1973, Watanzania waliotuma barua walibandika vipepeo juu ya bahasha zao, wengi wao bila kuwatazama mara mbili. Stempu hizo zilikuwa 15, kuanzia ya senti tano hadi ya Sh20, na kila moja ilibeba kipepeo wake. Zilichukua nafasi ya mfululizo wa samaki uliotolewa mwaka 1967, na zenyewe zikaachia nafasi mfululizo wa wanyama mwaka 1980.

Bahasha za miaka hiyo bado zipo. Zimo katika masanduku ya wazee, katika majalada ya ofisi na katika madaftari ya wakusanyaji wa stempu wa Arusha na kwingineko. Mwenye kuifungua moja leo hukutana na swali ambalo hadi sasa halina jibu la mkato: kipepeo huyu ni nani, na je, ndiye yule anayepita bustanini Sakina au kwenye kingo za msitu wa Mlima Meru?

Swali hilo si la wakusanyaji pekee. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake kuhusu wadudu bila kuwaua, au kijana anayejiandaa kuwa mwongoza watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, anaweza kuanza na vipande hivyo vidogo vya karatasi. Ila ajue mapema kwamba stempu hudanganya, na hudanganya kwa namna zinazojulikana.

Mfululizo wa 1973

Stempu za vipepeo zilitolewa wakati huduma ya posta ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa bado chini ya shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, jumuiya iliyovunjika mwaka 1977. Kila nchi ilikuwa na stempu zake za kawaida, na kando yake zilitolewa za pamoja kwa ajili ya kumbukumbu mbalimbali. Shirika la Posta Tanzania la leo lilianza kazi Januari 1994, baada ya posta kutenganishwa na simu, kwa hiyo jina lake halihusiani na stempu hizi.

Mkusanyaji atakutana na sura tatu za stempu zilezile. Ipo ya kawaida. Ipo iliyopigwa chapa ya neno OFFICIAL, iliyotumika kwa barua za serikali. Na zipo nne ambazo mwaka 1975 zilipigwa chapa ya thamani mpya juu ya ile ya zamani: senti 60 ikawa senti 80, Sh1.50 ikawa Sh2, Sh2.50 ikawa Sh3, na Sh20 ikawa Sh40. Chapa hizo wakati mwingine hufunika sehemu ya mchoro, na mtu anayetafuta alama ndogo ya bawa hulazimika kuitafuta stempu ileile isiyo na chapa.

Miongoni mwa vipepeo waliochaguliwa wamo Danaus chrysippus, Precis octavia, Salamis parhassus, Euphaedra neophron, Charaxes eupale, Charaxes pollux, Acraea insignis, Libythea laius, na wakubwa wawili wenye mikia, Papilio ophidicephalus na Papilio nobilis. Ni uchaguzi mzuri, kwani unagusa makundi mengi, kuanzia wadogo wa manjano wa nyasini hadi wakubwa wa msituni. Hata hivyo, haukuwa uchaguzi wa kanda moja. Euphaedra neophron huhusishwa zaidi na misitu ya pwani na nyanda za chini, ilhali Charaxes eupale, mwenye rangi ya kijani kibichi, ni wa misitu ya upande wa magharibi. Mkazi wa Usa River asishangae akikaa mwaka mzima bila kuwaona.

Majina yaliyohama

Tatizo la kwanza analokutana nalo anayetafuta ni majina. Vipepeo wachache sana wana jina la Kiswahili linalojulikana nchi nzima. Karibu wote huitwa kipepeo, basi. Hivyo hutumika jina la kisayansi, ambalo kwa kawaida lina maneno mawili: la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo, na la pili ni la spishi yenyewe. Wengi hudhani kwamba jina la namna hiyo halibadiliki. Hubadilika, na linalobadilika zaidi ni lile la kwanza.

Salamis parhassus wa stempu leo huandikwa Protogoniomorpha parhassus. Kipepeo aliyeorodheshwa kama Sallya rosa sasa ni Sevenia rosa. Yule mdogo wa manjano aliyeitwa Terias hecabe anatafutwa chini ya Eurema hecabe. Precis octavia yeye amebaki na jina lake, ingawa ndugu zake kadhaa waliokuwa wakiitwa Precis wamehamishiwa Junonia. Hakuna aliyekosea wakati stempu zinatolewa. Wataalamu waliendelea kulinganisha maumbo, viwavi na baadaye vinasaba, wakaona kwamba waliowekwa nyumba moja hawakuwa wa baba mmoja.

Njia nyepesi ni kushika neno la pili na kulitafuta peke yake. Ukitafuta parhassus utampata, awe chini ya jina la zamani au jipya. Kitabu cha Jan Kielland kuhusu vipepeo wa Tanzania, kilichochapishwa mwaka 1990, na kile cha Torben Larsen kuhusu vipepeo wa Kenya cha mwaka 1991, ndivyo vinavyotegemewa zaidi kwa kanda hii, ingawa navyo vimeanza kuachwa nyuma na baadhi ya majina. Katalogi za stempu, kwa upande wake, huhifadhi jina lililotumika wakati wa kutolewa, na ni haki yake kufanya hivyo.

Rangi na ukubwa si mashahidi wa kuaminika

Katika stempu, kipepeo mdogo na mkubwa hupewa nafasi ileile. Eurema hecabe, ambaye mabawa yake yakitandazwa ni sentimita nne hivi, anaonekana sawa na Papilio ophidicephalus ambaye hupita sentimita kumi. Anayetegemea ukubwa wa picha atapotea hatua ya kwanza.

Rangi nayo ina mtego wake. Rangi za kipepeo hutoka kwenye magamba madogo yaliyofunika mabawa, yale yanayobaki vidoleni kama vumbi mtu anapomshika. Baadhi ya magamba yana rangi yenyewe, kama karatasi iliyopakwa wino. Mengine hayana, umbo lake ndilo linalovunja mwanga na kutoa buluu au zambarau inayometa. Protogoniomorpha parhassus ni mfano bora: akiwa hai mabawa yake meupe yenye ukijani humeta kama lulu, na mng'ao hubadilika kadiri anavyogeuka. Wino wa mashine ya uchapaji hauwezi kufanya hivyo. Katika stempu anaonekana kipepeo mweupe aliyefifia, na stempu iliyokaa juani miaka mingi humfanya afifie zaidi.

Kinachobaki imara ni mpangilio. Wataalamu hutazama umbo la bawa la mbele, kama ncha yake imechongoka, imekatwa au ni duara. Hutazama bawa la nyuma kama lina mkia, na ni mikia mingapi. Charaxes wengi, akiwemo pollux, wana mikia miwili mifupi katika kila bawa la nyuma. Papilio ophidicephalus ana mmoja mrefu pamoja na madoa makubwa mithili ya macho. Jina lake kwa Kigiriki lina maana ya kichwa cha nyoka. Kwa alama hizo anatenganishwa na Papilio demodocus, yule mweusi mwenye madoa ya manjano anayetaga mayai kwenye milimau na michungwa ya bustani za Arusha. Demodocus hana mkia. Libythea laius naye hutambulika kwa kichwa: ana kiungo kirefu mbele ya uso kinachofanana na pua.

Papasi pia zisisahaulike. Za kipepeo huishia na kifundo kama kirungu kidogo, ilhali za nondo kwa kawaida ni kama uzi au unyoya. Stempu nyingi duniani zilizouzwa kama za vipepeo zina nondo ndani yake, jambo linalowachekesha wataalamu na kuwaudhi wakusanyaji waliokwisha kuzipanga.

Mmoja mwenye sura mbili

Precis octavia anastahili kutazamwa kwa kirefu, kwa sababu yeye peke yake anaweza kumfanya mtu mwenye macho makini aamini kwamba stempu imekosewa. Katika msimu wa mvua huwa mwekundu wa rangi ya machungwa, mwenye mistari na nukta nyeusi. Katika kiangazi huwa wa buluu iliyokolea, mwenye madoa mekundu kuelekea pembeni. Watu wawili, mmoja akimwona Aprili na mwingine Agosti, wataapa kwamba wameona wadudu wawili tofauti.

Tofauti hiyo hailetwi na jinsia wala umri. Kipepeo akishatoka kwenye ganda lake haongezeki tena wala kubadilika rangi. Joto analokuzwa nalo kiwavi na baadaye bundo ndilo linaloamua, na vipepeo waliofugwa kwenye vyumba vya joto tofauti walitoka na sura tofauti ingawa mama yao ni mmoja. Mara chache hutokea wa katikati, mwenye buluu na wekundu uliochanganyika. Kwa hiyo anayelinganisha stempu ya octavia na kipepeo aliyempiga picha hana budi kuandika mwezi.

Anayeigwa na anayeiga

Danaus chrysippus ni miongoni mwa vipepeo wa kwanza kabisa kupewa jina la kisayansi. Linnaeus alimwandika mwaka 1758. Ni wa rangi ya machungwa, hana haraka, na huonekana karibu kila mahali, kuanzia majaruba ya Arusha Chini hadi kando ya barabara za mjini. Hana haraka kwa sababu ndege hawamtaki. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini.

Hapo ndipo anapoingia Hypolimnas misippus. Dume lake ni jeusi, lenye madoa meupe yaliyozungukwa na zambarau, na hakuna awezaye kumchanganya. Jike ni jambo jingine: amejivika sura ya chrysippus kwa ukamilifu unaowapumbaza ndege na binadamu pia, ingawa yeye mwenyewe hana sumu. Namna ya kuwatenganisha ni kuhesabu madoa meusi ya bawa la nyuma. Chrysippus ana matatu au manne katikati ya bawa. Misippus ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Kwenye stempu iliyopigwa mhuri mzito hesabu hiyo huwa ngumu, na ndiyo maana wakusanyaji wa vipepeo hupendelea stempu isiyotumika, kinyume cha wale wanaopenda historia ya posta.

Tena chrysippus wa kaskazini mwa Tanzania hawafanani wote. Wapo wenye ncha nyeusi na utepe mweupe kwenye bawa la mbele, na wapo wasio na ncha hiyo, waitwao dorippus, ambao ni wengi zaidi katika maeneo makavu ya kaskazini mashariki mwa Afrika. Afrika Mashariki ndipo sura hizo zinapokutana na kuzaana. Anayemwona dorippus asiandike kwamba amepata spishi mpya.

Osokonoi na kipepeo mtukufu

Papilio nobilis, ambaye jina lake la Kilatini lina maana ya mtukufu, ni wa manjano ya dhahabu na mwenye mkia. Ni kipepeo wa misitu ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mtu akimwona kwenye stempu atamkubali kwa uzuri tu, lakini habari yake kubwa iko kwenye chakula cha kiwavi.

Kiwavi wa nobilis hula majani ya Warburgia, mti ambao wakazi wa Arusha wanaufahamu kwa jina la Kimaasai, osokonoi. Ni mti wenye gome kali kama pilipili, unaotumika kutibu kikohozi, mafua na maumivu ya tumbo, na gome lake huuzwa. Akichunwa gome kidogo upande mmoja, mti hupona. Akizungushiwa panga pande zote, mti hukauka, kwa sababu njia ya chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini imekatwa. Mti ukikauka, mganga hupoteza dawa na kipepeo hupoteza mahali pa kutaga, maana jike la nobilis halitagi kwenye mti wowote tu anaoukuta. Kwa maneno mengine, panga lilelile linaamua mambo mawili ambayo wenye kulishika mara nyingi hawajui kwamba yanahusiana.

Yule asiyekuwamo

Katika stempu zote 15 za mwaka 1973 hakuna Papilio sjoestedti. Ni jambo la kusikitisha kidogo, kwani huyo ndiye kipepeo ambaye Arusha ingeweza kumwita wake. Ni mweusi mwenye utepe wa rangi ya maziwa, na anapatikana Tanzania peke yake, katika misitu ya milima ya kaskazini: Meru, Kilimanjaro na Ngorongoro. Jina alipewa na Mswidi Christopher Aurivillius mwaka 1908, kwa heshima ya Yngve Sjöstedt, mwanazoolojia aliyeongoza msafara wa Waswidi uliokusanya wadudu na wanyama Kilimanjaro, Meru na mbuga za Umasaini mwaka 1905 na 1906. Hapo Boma la Wajerumani mjini Arusha, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilikuwa na umri wa miaka michache tu.

Spishi yenye makazi matatu pekee, yote yakiwa misitu iliyotenganishwa na nyanda kavu, mashamba na miji, haina pa kukimbilia moto ukipanda mlimani au msitu ukipunguzwa. Kitabu cha kimataifa kuhusu vipepeo wa jamii ya Papilio walio hatarini, kilichotolewa mwaka 1985, kilimtaja miongoni mwa wale adimu. Sehemu kubwa ya makazi yake imo ndani ya maeneo yanayolindwa, na hiyo ndiyo nafuu yake. Ngurdoto ilitangazwa hifadhi mwaka 1960, na Mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967.

Kenya ilipotoa stempu zake za kawaida za vipepeo mwaka 1988 ilifanya tofauti. Iliwaweka Papilio rex, demodocus na dardanus, lakini ikawapa nafasi pia Cymothoe teita na wenzake wanaobeba jina la milima ya Taita, milima ambayo misitu yake imebaki vipande vidogo. Barua ya kawaida kutoka Voi ilisafiri na kipepeo wa mlima wa jirani.

Tahadhari kwa stempu za baadaye

Tanzania ilitoa vipepeo tena mwaka 1988, na kuanzia miaka hiyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitoa stempu nyingi mno za mada mbalimbali, kama zilivyofanya nchi nyingine kadhaa, zikiuzwa na mawakala wa nje kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Nyingi hazikuwahi kulambwa na mtu yeyote wa Tanzania. Katika biashara ya aina hiyo duniani, jina la nchi juu ya stempu si ushahidi kwamba kipepeo anaishi humo. Wapo wa Amerika Kusini na wa Asia waliochapwa kwa jina la nchi za Afrika. Baadhi zina mhuri uliopigwa kiwandani, ambao hutambulika kwa kukaa vizuri pembeni huku gundi ikiwa bado nyuma.

Anayetaka kulinganisha stempu na kipepeo aliye hai afanye hivyo baada ya mvua, yaani kuanzia Mei masika yanapopungua, au Desemba na Januari baada ya vuli. Papilio hushuka kunywa kwenye matope kando ya vijito, na Charaxes huvutwa na matunda yaliyooza, utomvu wa miti na hata kinyesi cha wanyama. Ndani ya hifadhi ni kamera tu inayoruhusiwa. Wavu hauruhusiwi bila kibali, na vibali vya utafiti wa wanyamapori hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), ambayo makao yake yako Arusha.

Picha ipigwe mara mbili ikiwezekana, mabawa yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa, kwa kuwa upande wa chini mara nyingi hauna uhusiano wowote wa rangi na ule wa juu, na stempu nyingi zinaonyesha wa juu pekee. Pembeni yake iandikwe tarehe, mwinuko na mti uliokuwa karibu.